Kupiga besi katika bendi ya kopi Unguja: mwongozo kamili kwa mpigaji wa ridhaa

Hapa Unguja waimbaji wapo, wapiga gita la solo ni wengi, na mpiga kinanda akitafutwa hupatikana, lakini mpiga besi huombwa kwa bendi nyingine kama jirani anavyoombwa chumvi. Kwa sababu hiyo mtu mwenye kazi yake ya mchana, asiyeutegemea muziki kwa mlo wake, anaweza kujikuta anaitwa jukwaani mapema kuliko alivyotarajia. Mimi ni mwalimu wa skuli. Kwa miaka kadhaa nimepiga besi usiku wa Ijumaa na Jumamosi katika bendi za kopi, yaani bendi zinazopiga nyimbo za watu wengine ambazo wasikilizaji tayari wanazijua, katika mahoteli ya Mji Mkongwe, Nungwi, Paje na Kiwengwa. Mwongozo huu ninamwandikia yule ambaye ameshashika gita la besi, au anakusudia kulishika, na angependa kufika mahali pa kupigia watu bila kuiaibisha bendi.

Jambo ninaloliamini kuliko mengine yote nitalitaja tangu sasa, kwa kuwa hatua zote zinazofuata zimejengwa juu yake: mpiga besi wa kopi haitwi ili aige kila noti iliyomo kwenye rekodi. Anaitwa ili mwimbaji ajue alipo, dramu isiyumbe, na msikilizaji aliyeshika sahani yake ya pweza autambue wimbo mara unapoanza.

Hatua ya 1: Gita lenyewe

Anza na besi ya nyuzi nne. Nyuzi tano zina faida yake, lakini mwanafunzi hutumia muda mwingi kuuzuia uzi wa tano usilie ovyo, na nyimbo nyingi za bendi za kopi hazimdai uzi huo. Nyuzi nne hutuniwa E, A, D na G, kuanzia ule mnene kabisa. E iliyo wazi hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde, A mara 55, D mara 73 na G mara 98. Namba hizi si za kukariri, lakini zitakusaidia baadaye kufahamu kwa nini spika ndogo za hoteli huipoteza sauti yako.

Urefu wa kawaida wa uzi unaopigwa, tangu Leo Fender alipolitoa gita lake la Precision Bass mwaka 1951, ni inchi 34, yaani karibu sentimita 86. Kwa mwenye mikono midogo ziko besi za inchi 30, na hakuna aibu yoyote kuzitumia. Wengi wetu hununua gita lililokwishatumika, ama kwa mpigaji anayehama, ama kwa kuvuka boti hadi Dar es Salaam. Ukilishika, fanya mambo manne kabla hujazungumza bei. Bonyeza uzi wa E kwenye freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo) ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, kisha utazame nafasi iliyopo juu ya freti ya saba: ikitosha kadi nyembamba kupita, shingo ni nzima, na ikitosha kidole, shingo imepinda. Piga kila freti ya kila uzi, moja baada ya nyingine, ukisikiliza mahali noti inapokwaruza au kufa. Zungusha vitufe vyote gita likiwa limechomekwa, kwa sababu mkwaruzo unaosikika hapo ni vumbi au kutu. Mwisho tikisa waya mahali unapoingia. Sauti ikikatika, fundi atahitajika, na gharama yake iingie kwenye bei.

Kutu ni adui anayestahili maneno zaidi. Upepo wetu una chumvi, na nyuzi mpya zilizoachwa bila kufutwa huanza kukwaruza vidole ndani ya wiki chache tu. Weka kitambaa cha pamba ndani ya mfuko wa gita na ufute kila uzi, juu na chini, kila unapomaliza kupiga. Vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya makasha ya viatu usivitupe. Viweke humo humo mfukoni. Kama unaweza kuzipata, nyuzi zilizozungushiwa waya bapa hushika uchafu mdogo kuliko zile za waya wa duara, na sauti yake nzito, isiyong'ara sana, inafaa sana kwa rege na kwa nyimbo za zamani za Marekani ambazo wageni huziomba.

Hatua ya 2: Mikono miwili na saa moja

Wapigaji wengi wanaojifunza peke yao huushughulikia mkono wa kushoto tu, kwa kuwa ndio unaotafuta noti. Muziki, hata hivyo, unatoka mkono wa kulia. Pumzisha kidole gumba juu ya pikapu, kile kisanduku chini ya nyuzi kinachonasa sauti, kisha piga kwa shahada na kidole cha kati kwa zamu, kila kimoja kikimalizia juu ya uzi unaofuata. Ukishindwa kuvitumia viwili, usikate tamaa. James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi mno za kampuni ya Motown kule Detroit, alitumia kidole kimoja tu cha shahada, na hadi leo wapigaji wanasoma kazi yake.

Chukua programu ya mapigo kwenye simu, iweke mapigo 60 kwa dakika, na upige noti moja tu, tuseme A, kwa dakika tano nzima. Lengo ni kuipiga noti pamoja na pigo hadi pigo lenyewe lisisikike, kana kwamba limezimwa. Baada ya hapo fanya kazi ya pili, ambayo ni ngumu zaidi: isimamishe noti. Noti ya besi ina mwanzo na ina mwisho, na mwisho wake huamuliwa na wewe kwa kulegeza kidole cha kushoto bila kukitoa kwenye uzi. Mpigaji anayeacha noti zake zilie zinavyotaka huujaza wimbo tope, na waliopo mbele yake hawatajua ni nini kinachowasumbua. Watasema tu kwamba leo sauti haikukaa vizuri.

Saa moja kwa siku inatosha kwa mwenye kazi. Usiku umeme ukikatika, usiache: besi isiyochomekwa husikika vya kutosha ukiegemeza pembe yake kwenye mlango wa kabati la mbao. Waliokuwepo Unguja tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kilipokaa miezi mitatu bila umeme wa gridi, wanajua kwamba mazoezi ya namna hiyo yanawezekana.

Hatua ya 3: Kuufunga wimbo mmoja

Kuufunga wimbo ni kuujua hadi usikupotee. Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ningependa usiipite haraka. Kila wimbo wa kopi ninaugawa katika mambo matatu, na ninayaita njia, mwendo na alama.

Njia ni mfuatano wa noti za msingi za koodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja: wimbo unatoka wapi, unapita wapi, unarudi vipi. Mwendo ni namna besi inavyotembea juu ya njia hiyo, yaani noti ngapi, fupi au ndefu, na kimya kikae wapi. Alama ni kile kipande cha besi ambacho kikikosekana msikilizaji hushtuka. Nyimbo nyingi hazina alama ya besi kabisa. Nyingine ni alama tupu. Chukua mfano wa Queen, bendi ya Uingereza ambayo wageni hawaachi kuiomba kwa vile mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa hapa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946: wimbo wao wa mwaka 1980, Another One Bites the Dust, ulitungwa na mpiga besi wao, John Deacon, na mgeni huutambua kwa besi kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Wimbo wa aina hiyo uige noti kwa noti. Nyingine jifunze njia na mwendo, na uwe huru.

Fanya hivi. Sikiliza wimbo mara tatu bila kugusa gita. Mara ya kwanza fuata maneno. Mara ya pili andika kwenye daftari umbo lake: utangulizi, ubeti, kiitikio, ubeti, kiitikio, kipande cha katikati kinachobadilika, kiitikio, mwisho, na ubavuni mwa kila kimoja idadi ya mizunguko. Mara ya tatu fuata besi peke yake, ukiiimba kwa mdomo. Usichokiweza kwa mdomo, vidole navyo havitakiweza. Baada ya hapo ndipo uchukue gita na utafute noti ya msingi ya koodi ya kwanza.

Tuseme umekuta mfuatano wa G, D, E ndogo (minor) na C, ambao umo katika nyimbo nyingi sana za wageni. G iko freti ya tatu ya uzi wa E. D iko freti ya tano ya uzi wa A, E iko freti ya saba ya uzi huo huo, na C iko freti ya tatu. Utashawishika kuipiga ile E kwa uzi mnene ulio wazi, kwa kuwa ni rahisi na inanguruma vizuri. Jizuie. Siku moja mwimbaji atageuka nyuma, kama alivyonigeukia dada mmoja ninayemheshimu sana, dakika mbili kabla ya kuanza, akaniambia, "Maalim, leo koo langu zito, nishushieni mbili." Nikamjibu, "Hewala, dada," na moyoni nikashukuru kwamba wimbo ule niliusoma bila nyuzi wazi. Kushuka mbili kutoka G ni kufika F, na mkono mzima ukateremka freti mbili kwa umbo lile lile: F freti ya kwanza ya uzi wa E, C freti ya tatu ya uzi wa A, D freti ya tano, na B ya kushuka (B flat) freti ya kwanza. Aliyeuzoea uzi ulio wazi angebaki anatafuta freti iliyo nyuma ya mwanzo wa shingo.

Kwa sababu hiyo andika njia kwa namba badala ya herufi. Mfuatano ule ni 1, 5, 6, 4, ukihesabu ngazi ya noti kuanzia G kuwa ya 1. Kwa ufunguo wa G, wa F, wa A au wowote ule, namba hazibadiliki, na daftari lako litakufaa kwa waimbaji kumi wenye makoo kumi.

Kilichobaki ni mwisho. Rekodi nyingi humalizika kwa sauti kufifia, na jukwaani hakuna kufifia. Kabla hujasema kwamba unaujua wimbo, amua utaishia noti gani, baada ya mizunguko mingapi ya kiitikio, na nani atatoa ishara. Bendi inayoanza vibaya na kumaliza kwa pamoja hupigiwa makofi. Inayoanza vizuri na kumaliza mmoja mmoja huonekana haikufanya mazoezi.

Hatua ya 4: Mwendo wa kila mtindo

Orodha ya bendi ya kopi ya Unguja huanza kwa nyimbo laini wakati watu wanakula, hupitia rege, huingia Afrika Mashariki na Kongo, na humaliza kwa nyimbo za kucheza. Mpiga besi hubadilisha mwendo mara nne au tano kwa usiku mmoja, na hapa ndipo wengi hujulikana kuwa wageni wa kazi.

Katika rege, punguza kitufe cha toni hadi sauti iwe ya duara, kisha jifunze kunyamaza. Katika mwendo ule uitwao "one drop", uzito wa dramu huangukia pigo la tatu, na besi mara nyingi huliacha pigo la kwanza tupu. Kusubiri pale kunamtisha anayeanza, kwa kuwa anahisi wimbo utaanguka. Hauanguki. Msikilize Aston "Family Man" Barrett, mpiga besi wa The Wailers, bendi ya Bob Marley, aliyefariki mwaka 2024, na uhesabu kimya chake badala ya kuhesabu noti zake. Utaona kwamba anaipiga besi kama mtu anayeimba wimbo wa pili chini ya wimbo wa kwanza.

Rumba inataka kinyume chake. Besi yake hujibizana na ngoma ya tumba, kwa vipande vifupi vinavyokatika, na vidole haviegemei uzi. Bendi ikiingia sebene, kile kipande cha kucheza kinachoongozwa na gita, njia huwa fupi sana, kwa kawaida koodi ya 1, ya 4 na ya 5 zikizunguka, lakini mzunguko huo unaweza kuendelea kwa dakika sita, na anayechoka wa kwanza huwa ni wewe. Legeza bega, vuta pumzi, na usiongeze kasi hata wachezaji wakiongeza kelele. Kasi ikipanda kidogo kidogo kila mzunguko, mpiga solo atafika mahali vidole vyake havimtoshi, na lawama itakuwa yako na ya mpiga dramu.

Kwa nyimbo za zamani za Marekani na Uingereza, noti ya msingi pamoja na noti ya tano na oktava yake (noti ile ile kwa sauti ya juu) vitakufikisha karibu kila mahali. Sina zaidi la kusema hapo.

Taarab ni shule nyingine. Vikundi vyetu vikongwe, kama Nadi Ikhwan Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, vimezoea besi kubwa ya kusimama isiyo na freti, na baadhi ya makamu zake, yaani ngazi za noti za asili ya Kiarabu, zina noti zinazokaa katikati ya freti zetu mbili. Ukiombwa kupiga wimbo wa taarab katika bendi ya hoteli, kaa kwenye noti ya msingi na ya tano, usipambe, na ile noti ya katikati waachie fidla na mwimbaji.

Nina nasaha moja ambayo huitoa kwa kila kijana anayeniuliza. Nenda ukatazame kidumbaki, ile taarab ya vyombo vichache, kikipigwa harusini, na umkazie macho mpiga sanduku. Chombo chake ni kasha la mbao, fimbo na uzi mmoja. Anauvuta uzi kwa kuipinda fimbo, anaulegeza, na noti hupanda na kushuka bila freti hata moja ya kumwonesha njia. Niliwahi kukaa nyuma ya mzee mmoja wa sanduku kwa saa nzima nikitazama mkono wake wa kushoto. Noti zake nyingine hazikuwa noti kamili, zilikuwa zaidi vishindo, lakini hakuna kishindo hata kimoja kilichochelewa, na akina mama waliokuwa wakicheza walikuwa wakiufuata mkono ule bila kujua. Wiki iliyofuata nilipunguza noti zangu karibu kwa nusu, na mpiga dramu wetu akaniuliza nimefanya mazoezi gani.

Hatua ya 5: Mazoezi na wenzako

Njoo na nyimbo umeshazifunga. Mazoezi ya bendi ni ya kuunganisha. Kila mmoja ajifunze sehemu yake nyumbani, kwa kuwa saa mbili za chumba cha mazoezi hulipiwa na watu sita. Simama upande wa haihati (matasa mawili yanayobanwa kwa mguu) ya mpiga dramu, mahali unapouona mguu wake wa kulia, na ulinganishe noti zako na ngoma ya mguu. Kabla vyombo vingine havijaingia, ombeni dakika kumi, wewe na yeye tu, mpige mwendo wa kila wimbo bila koodi wala sauti. Bendi niliyodumu nayo zaidi ilikuwa na desturi hiyo, na sikumbuki usiku tuliopoteana.

Kubalianeni ishara tatu: ngumi iliyoinuliwa ni mwisho, kidole kimoja kilichozungushwa ni mzunguko mmoja zaidi, na kiganja kinachoshuka ni kupunguza sauti. Ishara zitolewe na mtu mmoja. Rekodi mazoezi kwa simu iliyowekwa mbali, mwisho wa chumba, na uisikilize rekodi hiyo kesho yake, si usiku ule ule ukiwa bado na furaha.

Atakayetaka mwalimu asisite. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa Mji Mkongwe mwaka 2002, kimefundisha vijana wengi wa hapa, na wahitimu wake utawakuta katika bendi nyingi za mji. Kupiga karibu na mtu aliyesoma noti kutakufundisha mambo ambayo sikio peke yake huchelewa kuyafikia.

Hatua ya 6: Umeme na sauti

Umeme wetu ni wa volti 230, na amplifaya iliyoletwa kutoka Marekani bila kubadilishwa ni ya volti 120. Kisome kwanza kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka. Katika mahoteli mengi ya pwani jenereta huchukua zamu gridi ikikatika, na ule muda wa kubadilishana una mshtuko wake. Taa zikizimika, zima amplifaya kwa mkono, subiri jenereta itulie kwa dakika moja, kisha uwashe. Nimeona amplifaya mbili zikiungua kwa kukosa dakika hiyo.

Kuhusu sauti, Mji Mkongwe na ufukweni ni sehemu mbili zinazopingana. Katika ukumbi wa kuta nene za mawe na dari ya boriti, noti za chini hurudi na kujazana. Punguza besi kwenye amplifaya, punguza hata sauti yenyewe, na upige noti fupi. Ufukweni hakuna ukuta wa kuirudisha noti yako, na upepo wa kusi huibeba. Mwanafunzi huongeza besi, spika inakoroma, na bado hasikiki, kwa sababu spika ndogo haiwezi kuitoa E ya mitetemo 41. Ongeza sauti za kati badala yake. Hizo ndizo zinazolieleza sikio ni noti gani inayopigwa. Kisha chukua waya mrefu, shuka jukwaani huku unapiga, na usikilize ukiwa mahali wanapokaa watu. Kama kuna fundi mitambo, mpe waya wako mapema, mwombe besi ipite moja kwa moja kwenye mikisa, ule mtambo wa kuchanganya sauti, na usiiguse tena amplifaya yako baada ya yeye kumaliza kupanga.

Linda masikio. Taasisi ya afya kazini ya Marekani, NIOSH, huweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu, kwa hiyo kwenye desibeli 100 unabakiwa na robo saa. Ukiwa ubavuni mwa matasa ya dramu unafika huko bila kujua. Vizibo vya masikio vya sponji ni bei ndogo.

Hatua ya 7: Siku ya kazi

Fika kabla ya magharibi. Panga vyombo, jaribu sauti, kisha zima kila kitu. Adhana inapoadhiniwa bendi hainyanyui hata noti moja, iwe magharibi au isha, ambayo kwetu huingia kati ya saa moja na saa mbili usiku mwaka mzima. Kwa hiyo panga orodha ya nyimbo ukijua saa ya isha ya siku ile, ili wimbo usikatwe katikati. Wenye kusali wapate nafasi ya kusali. Kazi nyingi huanza hasa saa mbili na nusu.

Ndani ya mfuko uwe na waya mbili, seti moja ya nyuzi, betri mpya ya volti 9, kamba ya bega ya akiba, tochi, kalamu nene na orodha iliyoandikwa kwa herufi kubwa pamoja na ufunguo wa kila wimbo. Kamba iwe pana, kwa sababu besi huwa na uzito wa kilo nne hivi, na saa tatu ni nyingi.

Hiyo betri nimeitaja kwa sababu. Mwaka wangu wa kwanza nilipiga katika hoteli moja ya pwani ya mashariki nikiwa na besi yenye saketi inayotumia betri. Mchana nilikuwa nimefanya mazoezi nyumbani, nikaacha waya umechomekwa kwenye gita, nikaenda kusahihisha madaftari. Sikujua kwamba waya ukiwa umechomekwa, betri inaliwa hata amplifaya ikiwa imezimwa. Katikati ya wimbo wa pili noti zangu zilianza kupasuka kama redio iliyotoka stesheni, zikawa nyembamba, kisha hazikuwepo. Nilikuwa nabonyeza nyuzi na kusikia tu ukucha wangu juu ya chuma. Mwimbaji aliendelea, mpiga dramu akanitazama, na nilijihisi nimewanyang'anya ardhi waliyosimama juu yake. Aliyetuokoa ni mpiga kinanda, kijana mpole asiyesema sana, ambaye alihamisha mkono wa kushoto chini na kupiga noti za msingi hadi wimbo ukaisha. Tangu hapo nachomoa waya kila ninapoliweka gita chini, na katika kila bendi mpya namwomba mpiga kinanda tangu mazoezini: "Ndugu yangu, nikizimika, wewe ndiye besi."

Ukikosea noti, na utakosea, usikunje uso wala usimtazame mtu. Noti sahihi kwa kawaida iko freti moja juu au chini. Telezesha kidole hapo na uendelee. Ukipotea kabisa katika umbo la wimbo, acha kupiga, subiri dramu iingie kiitikio, urudi nayo. Kimya cha mapigo manne hakisikiki sana. Noti nne za ufunguo mwingine husikika hadi jikoni.

Hatua ya 8: Fedha na haki

Hata mpigaji wa ridhaa aseme bei kabla ya kupiga, kwa kuwa anayepiga bure huwavunjia soko wenzake wanaokula kwa kazi hiyo. Makubaliano yawe kwenye karatasi au angalau ujumbe wa simu: saa za kupiga, malipo, chakula, usafiri wa kurudi mjini usiku wa manane, na siku ya kulipwa. Mwenye ukumbi mmoja alituambia "njooni wiki ijayo" kwa miezi miwili; tangu hapo bendi yetu huomba nusu kabla ya kufunga spika. Mgao ujulikane na wote. Nyimbo za kopi zina wenyewe, kwa hiyo ulizeni tangu mwanzo nani, baina ya ukumbi na bendi, anashughulikia suala la hakimiliki na COSOZA, taasisi ya hakimiliki ya Zanzibar, ili lisije likawaangukia wapigaji.

Masika na Ramadhani

Mvua za Machi hadi Mei hupunguza wageni, na ndani ya Ramadhani bendi hunyamaza. Usiuache mwezi huo upite hivi hivi. Vua nyuzi moja moja, si zote kwa pamoja, ili shingo isipoteze mvuto wake ghafla; futa ubao wa freti kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya limau yanayouzwa kwa ajili ya mbao; kagua waya zote na ukate zilizochubuka. Kisha fungua daftari, pitia nyimbo zote ulizopiga mwaka mzima, weka alama kwenye zile ambazo mwisho wake haukuwahi kutulia, na uzifunge upya moja moja baada ya tarawehe, gita likiwa halijachomekwa. Katika siku nne za sikukuu bendi hupigiwa simu kwa wingi, na mara nyingi taarifa ni ya siku moja.